Mnazi wa Kando ya Zizi

Nilipokuwa mtoto kule Kwale, kila mtu wa nyumbani kwetu alikuwa na mnazi wake, na sikuona ajabu yoyote kwa hilo. Mtoto akizaliwa, kitovu chake kikishakauka na kudondoka, Nyanya alikifunga katika kitambaa, akakifukia karibu na nyumba na kupanda mche wa mnazi juu yake. Tangu hapo mtoto na mnazi walihesabiwa pamoja. Mnazi ukichelewa kuzaa, mwenyewe alichekwa kwamba ni mvivu. Ukizaa mapema, aliambiwa atakuwa na mkono mwepesi wa kutoa. Na mnazi ukiugua, watu hawakuutazama mnazi, walimtazama mwenyewe.

Wangu ulikuwa ule ulionyooka, kando ya njia ya kwenda barabarani. Wa mdogo wangu Sele ulikuwa mfupi, kando ya zizi la mbuzi. Hayo tuliyajua kabla hatujajua kuandika majina yetu.

Mtu ambaye hajafika Kwale huenda akadhani pwani yote ni mchanga na mawimbi. Mji wetu uko juu mlimani. Asubuhi za msimu wa baridi ukungu ulishuka hadi kwenye mapaa, na watumishi waliohamishwa kutoka bara walipita wakielekea maofisini na sweta zao, wakituuliza kama hapa kweli ni pwani. Ukungu ukipanda, ukisimama karibu na ofisi za serikali uliiona bahari ya Diani kule chini, ukanda mwembamba wa buluu. Ukigeuka nyuma, ardhi iliteremka kuelekea Kinango, kukavu na kwekundu, na huko ndiko walikotoka Waduruma waliotuletea mbuzi na maziwa ya mgando. Sisi tulikuwa katikati, na machungwa yetu, mihogo yetu na nazi zetu. Baba alikuwa tarishi ofisini. Mama aliuza machungwa kando ya barabara. Nyanya, mamake Baba, alishona makuti, na lori lilikuja kuyachukua kwenda kuezekea mahoteli ambayo yeye hakuwahi kuyatia mguu.

"Wazungu wote wale wanalala chini ya mikono yangu," alikuwa akisema, "na hakuna hata mmoja aliyeniamkia."

Alikuwa na ulimi, Nyanya. Sele alimwita "mume wangu", na mimi aliniita "mke mwenzangu", kama desturi ya mabibi wa kwetu na wajukuu zao, na utani huo aliutumia kututuma, kutugombeza na kutubembeleza. Lakini katika mambo ya minazi hakuwa na mzaha. Hatukuruhusiwa kuupiga mnazi, wala kuukojolea, wala kuuambia neno baya.

Mimi nilikuwa mtoto wa maswali. Nilitaka kujua mnazi unajuaje kwamba ni wangu. Je, kitovu huota mizizi? Siku moja nilichukua jembe dogo nikaanza kuchimba shinani mwa mnazi wangu ili nikitazame. Nyanya alinikuta nimeinama, akanivuta sikio mpaka jikoni.

"Ulikizika wewe?" akaniuliza.

"La, Nyanya."

"Basi utakifukuaje kitu usichokizika?"

Nililirudisha jembe mahali pake.

Masika ya mwaka mmoja Sele alishikwa na homa. Mama alimbeba mgongoni hadi hospitali, wakamlaza, wakamdunga sindano, na baada ya siku chache homa ikashuka, akarudishwa nyumbani. Tulimshukuru Mungu mapema mno, kwa sababu Sele hakuinuka. Alilala mkekani karibu na mlango wa nyuma, uso umeelekea nje, na nje kulikuwa na zizi, na kando ya zizi kulikuwa na mnazi wake.

Mnazi ule ulikuwa unaumwa. Makuti yake mapya yalikuwa yakifunguka yamekatwa pembe kama kitambaa kilichochezewa na mkasi, na lile kuti changa la katikati lilikuwa limenyauka. Sisi wa nyumbani tuliliona hilo, ila hakuna aliyelitamka. Aliyelitamka ni jirani yetu Mama Nyamvula, mwanamke mwema ambaye Mungu hakumpa kifuniko cha mdomo. Alikuja kumjulia hali mgonjwa, akakaa, akatazama nje, akasema, "Jamani, mnazi wa Sele mbona unakauka?"

Tangu siku ile Sele hakula. Mama alimpikia uji wa nazi, akafunga mdomo. Nilimletea dafu, akaniuliza limetoka mnazi gani, na kabla sijamjibu alikuwa ameshageuka ukutani. Mama alimrudisha hospitali, na yule muuguzi, mama mmoja wa bara tuliyemwita Sista, alimpima tena, akatikisa kichwa.

"Malaria imeisha, mama. Shida ya huyu sasa ni kukula. Asipokula, hata nimpe dawa gani haitasaidia."

"Tumembembeleza, Sista. Hataki."

"Ni kama ameamua," Sista akasema polepole, na nilimwona Mama akijifuta macho kwa ncha ya leso.

Jioni ile Sele aliniita. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Dada, mnazi wangu ukianguka uniamshe kwanza. Usiniache nimelala."

Nilimwambia sawa, nitamwamsha. Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko mpaka kwikwi zikanishika.

Baba alikuwa mtu wa msikitini na hakuyapenda mambo yale. Alisema ni ushirikina mtupu, na kwamba dawa yake ni kuukata mnazi ule asubuhi ili maneno yaishe. Nyanya aliweka chini ufito wa makuti aliokuwa akishona.

"Ukiukata mbele ya macho yake, umemkata yeye," akasema. "Si mimi ninayesema hivyo. Ni yeye ndiye anayeamini. Na wewe hutamwondolea kwa shoka."

Badala ya shoka akaitwa Mjomba Bakari, kakake Mama, ambaye ndiye aliyekuwa mkwezi wa minazi ya majirani wote. Alipanda na waya wake wenye ncha iliyopinda, ule wanaouingiza katika matundu ya kilele kumtoa chonga, mdudu mweusi mwenye pembe anayekula minazi. Aliwatoa wawili, akawatupa chini, kuku wakawakimbilia. Kisha alikaa kule juu akinusa. Aliposhuka alimwendea Nyanya, akanong'ona, ila Mjomba Bakari alizoea kusema na watu kutoka juu ya minazi, na mnong'ono wake ulisikika hadi zizini.

"Moyo umeoza, Mama. Huu hauponi tena."

Niligeuka nikamtazama Sele. Alikuwa amefumba macho, na machozi yalikuwa yakiteremka kuelekea masikioni.

Hapo ndipo Nyanya alipoingia ndani. Alijipangusa mavumbi ya makuti, akakaa kitako karibu na kichwa cha Sele, akauliza kwa sauti ya kugombeza, "Nani katika nyumba hii aliyesema kwamba huo ni mnazi wa Sele?"

Wote tulijua kwamba aliyesema ni yeye mwenyewe.

"Watoto hawa wamechanganya, na nyinyi wazazi mnawaitikia. Wa Sele ni ule wa njiani, ulionyooka. Huu wa zizini ni wa Mwanasha."

Mwanasha ni mimi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kipande cha muhogo wa kuchoma mdomoni.

"Mimi?" nikasema. "Mimi ndiye mkubwa. Mbona wangu uwe mfupi?"

"Mbegu yake ni ya Kipemba. Ya Kipemba hairefuki."

Mama alinishika bega, akalibana. Baba alifungua mdomo, Nyanya akamtazama, akaufunga. Sele alifumbua macho. Aligeuka, akautazama mnazi wa njiani kupitia mlango wa mbele, jinsi ulivyosimama na makole yake yamejaa nazi, kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu augue niliona huruma usoni mwake, na aliyehurumiwa nilikuwa mimi.

"Kwa hivyo atakayekufa ni Dada?"

"Huyu?" Nyanya akanionyesha kwa kidevu. "Hebu mtazame anavyotafuna."

Walicheka wote, hata Baba, kicheko cha watu waliokuwa wameishiwa pumzi. Mimi peke yangu sikucheka. Niliacha kutafuna. Na Sele akaomba uji.

Sitasahau siku zilizofuata. Sele alikula, kwanza kijiko, kisha kikombe, kisha akaanza kulalamika kwamba uji hauna sukari, na Mama akasema hiyo ndiyo dalili ya kupona. Nilifurahi, wallahi nilifurahi. Lakini pia niliogopa, na katikati ya furaha na hofu udadisi wangu haukulala. Nilitaka kuona nani ataanza, mimi au mnazi. Kila asubuhi niliupitia ule wa zizini nikatazama kuti lipi limeanguka, kisha nikajikagua mwenyewe. Nilijishika paji la uso. Nilitoa ulimi mbele ya kipande cha kioo cha Baba cha kunyolea. Nilikimbia kutoka nyumbani hadi ofisi za serikali nione kama pumzi yangu imepungua, na nilipofika juu nikihema sikujua kama ni kifo au ni mlima.

Nyanya naye alibadilika. Yeye aliyekuwa akisema watoto wanalala kama mbuzi waliofungwa pamoja, alinichukua nikalale kitandani kwake. Samaki akipikwa, kichwa kilikuwa changu. Alinivalisha hirizi ndogo shingoni na kuniambia nisimwonyeshe Baba. Usingizini nilihisi kiganja chake kikavu kikinishika paji la uso, mahali pale pale nilipokuwa nikijishika mimi.

Asubuhi moja niliamka nikakuta nafasi yake kitandani imepoa. Kulikuwa kumekucha, ila ukungu ulikuwa mzito hata jiko halikuonekana. Nikasikia sauti yake nje, nikaifuata nikiwa miguu mitupu mpaka kwenye ukuta wa zizi. Alikuwa amesimama mbele ya mnazi ule, mkono mmoja juu ya gogo, mkono wa pili ameshika kifuu chenye majivu na chumvi.

"Nisikie," alikuwa akiuambia. "Mimi Mwanakombo ndiye niliyekupanda. Kitovu kilichoko hapa usikihesabu kuwa cha mtoto yeyote wa nyumba hii. Ni changu. Ukiwa una la kuchukua, mlango ni huu hapa. Mimi chumvi nimekula ya kutosha."

Kisha akasema Bismillahi, akamwaga ile chumvi na majivu shinani. Nilirudi kitandani mbio na kujifanya nimelala. Nilijiambia uzee umeanza kumchanganya. Nyanya alizaliwa Msambweni, na kitovu chake kilikuwa huko, chini ya mnazi aliokuwa akitusimulia tangu tulipokuwa tukinyonya. Kingekujaje zizini kwetu? Nililiweka swali hilo pamoja na yale mengine mengi.

Mnazi ulikufa. Kilele kizima kiliinama, kikaanguka, likabaki gogo tupu, na Baba na Mjomba Bakari wakaja na shoka, safari hii bila ya mtu kuwazuia. Mimi nilisimama mbali, mkono juu ya moyo. Gogo lilianguka kwa kishindo, mbuzi wakatawanyika. Nikangoja. Moyo uliendelea kupiga. Nikangoja tena. Kilichonijia ni njaa tu, njaa ya kawaida ya mchana. Na Sele, ambaye siku zile alikuwa ameshapata nguvu za kuniudhi, alikuwa wa kwanza kurukia juu ya gogo na kutembea juu yake mikono ameinyoosha.

Ndipo nikaona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Gogo la mnazi limezungukwa na makovu, pete baada ya pete, na Mjomba Bakari akanieleza kwamba kila kovu ni mahali palipokuwa na kuti. Mnazi uwe mrefu uwe mfupi, wa Kipemba au wa kwetu, mwaka haupiti bila kudondosha makuti yake, karibu idadi ile ile. Nilihesabu makovu ya gogo lililolala. Kisha nikamsihi Mjomba, alipokuwa akipanda ule wa njiani kuangua nazi, anihesabie makovu yake.

"Mtoto huyu ataniua," akasema, lakini alihesabu, tena kwa sauti.

Ule wa njiani ulikuwa na makovu mengi zaidi. Ulikuwa ndio mkubwa. Ulikuwa wangu, kama nilivyojua tangu mwanzo, na uliokufa ulikuwa wa Sele.

Nilimkuta Nyanya chini ya ukingo wa paa, anashona makuti yake. Nilikaa karibu naye, nikamsogezea makuti, kwa maana alikuwa haongei na mtu aliyekaa bure.

"Nyanya, ule wa njiani ni wangu."

Hakuinua kichwa. "Nani kasema?"

"Makovu."

Alikaza kamba kwa meno, akaikata, akachukua kuti jingine.

"Nilijua utahesabu," akasema. "Mume wangu Sele alikuwa hana nguvu za kuhesabu kitu. Alikuwa na nguvu za kusikia tu. Basi nilimpa neno la kusikia."

"Na kama ningekufa mimi?"

Mikono yake ilisimama. Kwa muda alitazama pale palipokuwa na mnazi, na nilidhani atanijibu.

"Ukimwambia Sele," akasema, "nitaukata huo ulimi niushonee makuti."

Sikumwambia Sele. Lakini lile swali nilikua nalo. Nilipokuwa msichana nilimkasirikia Nyanya kwa siri, na hasira hiyo niliteremka nayo hadi Ukunda nilipoolewa na kufungua kibanda changu cha cherehani karibu na Kona ya Musa. Kama hakuamini mambo ya minazi, alitutisha bure miaka yote ile. Na kama aliamini, na mimi najua aliamini, basi kati ya wajukuu wawili alichukua mmoja akamweka mbele ya mwingine awe ngao, na aliyewekwa mbele nilikuwa mimi. Nikiwa nimekaa na wateja, napima bega la mtu, swali lile lilinijia na kunichoma upya.

Nyanya aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alifariki mzee sana, kitandani mwake, akiwa ameshamgombeza kila aliyekuja kumwona. Nilimlilia, ila ndani kabisa nilikuwa bado ninamdai jibu.

Jibu nililipata wodini. Binti yangu wa kwanza, alipokuwa angali ananyonya, alishikwa na nimonia, na usiku kucha nilikaa sakafuni kando ya kitanda chake nikisikiliza kifua chake kikikoroma. Alfajiri nikajisikia nikiomba kwa sauti. Nilikuwa nikisema, Ya Rabi, mwache huyu, kama una la kuchukua nichukue mimi. Nikanyamaza ghafla. Maneno yale niliyajua. Nilikuwa nimeyasikia nikiwa nimejibanza kwenye ukuta wa zizi, katika ukungu, nikadhani ni ya bibi aliyechanganyikiwa.

Mtoto alipona, alhamdulillahi. Mimi nilibaki nikilia hata muuguzi akanishangaa, maana wenye wagonjwa waliopona hawalii namna ile. Nilikuwa namlilia Nyanya upya, na safari hii bila kumdai chochote. Hakuwa amenitoa mimi. Kwa Sele alilitaja jina langu, kwa sababu alijua nitalisumbua jambo hilo mpaka lichoke, nijue kwamba si kweli. Kwa mnazi alilitaja lake. Na yote mawili aliyafanya akiamini, kama alivyoamini kwamba jua litachomoza upande wa Diani.

Hivi majuzi Sele alipanda kuja Kwale kutoka Shimoni, ambako ana boti ya kuvusha watu kwenda Wasini. Mkewe amejifungua mtoto wa kiume, na Sele alikuwa amekileta kitovu kikiwa kimefungwa katika kitambaa, pamoja na binti yake mkubwa, msichana mtukutu ambaye maswali yake nayatambua. Alichagua mwenyewe mahali pa kukifukia, kando ya lilipokuwa zizi, pale palipobaki wazi miaka yote hii. Mimi, niliyekuwa nimepanda kutoka Ukunda, kwa kuwa Mama hayupo tena na sasa ndiye mkubwa wa wanawake nyumbani, nilipewa kazi ya kupanda mche.

Kabla hatujaanza, Sele alimshika binti yake mkono akampeleka njiani, akaupiga kofi la mapenzi ule mnazi ulionyooka.

"Huu ndio wa baba," akamwambia. "Uone ulivyosimama."

"Na wako uko wapi, Shangazi?" msichana akaniuliza.

"Wa shangazi yako ulikufa zamani," Sele akanijibia, na akanitazama kwa ile huruma yake ya siku ile mkekani. Nadhani haijawahi kumwisha.

Msichana alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Mbona wewe hukufa?"

"Kulikuwa na mtu aliyezungumza nao," nikasema.

Akataka kujua ni nani, na alisema nini, na je, mnazi ulijibu? Nikamwambia sikuusikia ukijibu. Jibu hilo halikumtosha. Alizunguka mnazi wa njiani mara moja, akaukaribia, kisha nikaona kidole chake kikipanda gogo polepole, kutoka kovu hadi kovu, na midomo yake ikicheza.

"Njoo," nikamwita haraka, "njoo unishikie huu mche. Hayo utayahesabu ukikua."

Alikuja shingo upande, akaushika. Nilikifukia kitovu cha mdogo wake, nikamimina maji, na kabla sijainuka niliweka kiganja changu juu ya udongo, nikauambia mche jina langu, kimyakimya, asije yeyote akasikia.